Mche Wenye Sheria na Kiinitete Kisicho Nayo: Habari za Ruiru na Thika

Mwaka wa 1922 mibuni ya Kenya iliingiwa na maradhi ambayo wakulima walikuja kuyajua kwa herufi tatu tu, CBD, nayo ni ukungu unaoyavamia matunda yangali mabichi, ukayatia madoa meusi yaliyodidimia, ukayaozesha yakiwa bado yameshikana na tawi, hata mkulima aliyekwisha kuhesabu magunia kwa macho akabaki kuhesabu vikonyo vikavu. Kwa muda wa miaka arubaini maradhi hayo yalikwenda na kurudi kwa kadiri ya mvua, lakini katika miaka ya 1960 yalizidi nguvu, na dawa za kunyunyizia, ambazo ilibidi zitiwe mara nyingi katika msimu mmoja, zikaila faida ya mkulima mdogo wa Kiambu na Murang'a kabla hajaiona. Ndipo mwaka wa 1971, katika kituo cha utafiti wa kahawa cha Ruiru, ulipoanzwa mpango wa kuzalisha mbuni utakaoweza kuyahimili maradhi hayo kwa nguvu ya mwili wake wenyewe. Na baada ya miaka kumi na minne, yaani mwaka wa 1985, wakulima wakakabidhiwa mbuni unaochukua jina la mji huo hata leo, Ruiru 11.

Msomaji asistaajabu kwamba habari za kiinitete cha mwanadamu naziingia kwa mlango wa kahawa. Ruiru 11 ni chotara, na mbegu zake zikiachwa zijizalie zenyewe hazirithi sifa zote za mzazi. Kwa hiyo ilimpasa mfanyakazi wa kituo alijie ua la mbuni mama kabla halijafunguka, aziondoe petali pamoja na stameni zake kwa kibano, alifunike tawi kwa mfuko ili chavua ya ugenini isiingie, kisha arudi na chavua ya mbuni baba na kuipaka kwa mkono, ua kwa ua na tawi kwa tawi. Kazi hiyo ilikuwa na usahihi lakini haikuwa na wingi, na waliotaka miche walizidi mbegu zilizopatikana. Wataalamu wakageukia maabara, ambamo kipande cha jani kisichozidi ukubwa wa ukucha hulazwa ndani ya chupa iliyotakaswa, juu ya chakula cha sukari, madini na homoni, nacho baada ya miezi hufanya kwanza tonge la seli zisizo na umbo, na katika tonge hilo hutokea viinitete ambavyo kila kimoja kina uwezo wa kuwa mbuni kamili. Huko Juja, katikati ya Ruiru na Thika, chuo kilichoanzishwa mwaka wa 1981 katika ardhi iliyotolewa na Mzee Jomo Kenyatta, ambacho leo ni chuo kikuu chenye jina lake, kilishika kazi iliyo karibu na hiyo kwa migomba, na tangu katikati ya miaka ya 1990 miche ya ndizi iliyokuzwa maabarani ikaanza kuwafikia wakulima. Basi kabla habari za seli shina hazijaingia katika magazeti yetu, watu wa barabara ya Ruiru na Thika walikuwa wamekwisha kuishi jirani na ujuzi huu, kwamba seli changa ikilishwa na kulindwa yaweza kuwa chochote ambacho mwili mzima umejaaliwa kuwa.

Wala serikali haikuiacha kazi hiyo bila mipaka. Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea, Sura ya 326, iliyotungwa mwaka wa 1972, inaeleza ni nani awezaye kuuza mbegu, ni nani athibitishaye usafi wake, na mzalishaji wa aina mpya ana haki gani juu yake. Na tangu mwaka wa 1996 liko shirika la KEPHIS, ambalo dhima yake ni kukagua na kuthibitisha. Mche wa Ruiru 11, kwa hiyo, una asili inayojulikana, una msimamizi, na una sheria ya kumshika anayeughushi.

Kiinitete cha mwanadamu kilitoka nje ya tumbo la mama kwa safari nyingine. Tarehe 25 Julai 1978 alizaliwa mjini Oldham, nchini Uingereza, mtoto Louise Brown, ambaye yai la mamaye lilirutubishwa katika kisahani cha maabara kwa kazi ya Robert Edwards na tabibu Patrick Steptoe. Waingereza, walipoona kwamba jambo lililokwisha kutendeka halirudishwi nyuma kwa kukunjiwa uso, waliunda mwaka wa 1982 kamati chini ya mwanafalsafa Mary Warnock, nayo mwaka wa 1984 ikashauri kwamba kiinitete kisikuzwe katika maabara kupita siku ya 14, kwa kuwa baada ya hapo huonekana mstari wa kwanza wa mwili, na kabla ya hapo kiinitete kimoja chaweza hata kugawanyika kikawa pacha. Sheria yao ikapita mwaka wa 1990. Kwa hiyo mwezi wa Novemba 1998, James Thomson wa Chuo Kikuu cha Wisconsin alipotangaza kwamba amezipata na kuzikuza seli shina za viinitete vya watu, Uingereza ilikuwa na ua uliokwisha kujengwa, ilhali Marekani haikuwa nao, na jambo likawa la marais: George W. Bush tarehe 9 Agosti 2001 akaifunga fedha ya serikali isitumike ila kwa seli zilizokwisha kutolewa kabla ya siku hiyo, na Barack Obama tarehe 9 Machi 2009 akaifungua.

Ni lazima kueleza ni kitu gani kilichokuwa kikigombewa. Siku ya tano baada ya kurutubishwa, kiinitete ni kifuko kidogo mno chenye seli mia moja hivi au zaidi, na ndani yake, upande mmoja, mna kifungu cha seli ambazo bado hazijaamriwa kuwa moyo wala mfupa wala ngozi. Hizo ndizo seli shina za kiinitete. Matabibu wanazitumainia kwa sababu zaweza kulelewa zikawa seli za ubongo kwa mwenye maradhi ya Parkinson, au seli za kongosho zitoazo insulini kwa mgonjwa wa kisukari. Lakini kwa njia ya kawaida ya kuzitoa, kiinitete chenyewe hufa. Hapo ndipo tumaini la mgonjwa na uhai ulioanza vinapokabiliana, na mtu mwenye insafu hawezi kukidharau kimojawapo. Mjapani Shinya Yamanaka alionyesha mwaka wa 2006 kwa panya, na mwaka wa 2007 kwa watu, kwamba seli ya ngozi yaweza kurudishwa katika hali ya uchanga, akapewa Nishani ya Nobel mwaka wa 2012 pamoja na John Gurdon. Nayo ni rehema kubwa, ijapokuwa haikuviondoa viinitete vilivyokwisha kugandishwa katika majokofu ya dunia.

Katika Afrika ya Mashariki majokofu hayo yaliletwa na utasa, wala si seli shina. Kampala ilipata mtoto wake wa kwanza wa chupa mwaka wa 2004, katika hospitali ya Dakta Edward Tamale Sali, na Nairobi ikafuata mwaka wa 2006 kwa kazi ya Dakta Joshua Noreh. Ili kuelewa uzito wa habari hiyo kwa watu wa Thika na Ruiru, yafaa kukumbuka kwamba kwa Wagikuyu mtoto wa kwanza wa kiume huchukua jina la babu mzaa baba, na wa kwanza wa kike jina la nyanya mzaa baba, kisha ndipo huja zamu ya upande wa mama; na kwa hiyo mke na mume wasiopata mtoto hawaomboleziwi peke yao, bali pamoja na wazee wao ambao majina yao hayakupata wa kuyachukua. Watu wa namna hiyo wameuza kiwanja au kuchanga fedha na jamaa zao ili wafike kliniki, na kliniki, kwa kuwa matibabu hayo ni ghali na hayana hakika, aghalabu hurutubisha mayai mengi kuliko yatakayotiwa tumboni. Vilivyobaki hugandishwa. Ni vya nani, vihifadhiwe hadi lini, na vikiachwa vifanywe nini, ni maswali yaliyoingia Kenya kimya kimya, bila Bunge kuulizwa.

Bunge lilikuwa na shauri jingine. Rasimu ya Katiba iliyotolewa na Kamati ya Wataalamu chini ya wakili Nzamba Kitonga, mwezi wa Novemba 2009, ilimpa kila mtu haki ya uhai bila kusema uhai huo unaanzia wapi, na makanisa hayakuridhika. Mwezi wa Januari 2010 wabunge wa kamati teule, chini ya Abdikadir Mohamed, walikutana Naivasha, na rasimu ilipotoka huko ilikuwa na kifungu kisemacho kwamba uhai wa mtu huanza mimba inapotungwa. Wataalamu walipoirudia wakaongeza ruhusa kwa dharura na kwa hatari ya uhai au afya ya mama, kwa rai ya mhudumu wa afya mwenye ujuzi. Nalo Bunge likaipitisha tarehe 1 Aprili pasipo kubadili neno. Kura ya maoni iliyofuata inakumbukwa na kila mtu mzima: kijani cha kukubali cha Rais Mwai Kibaki na Waziri Mkuu Raila Odinga, nyekundu ya kukataa ya William Ruto na ya viongozi wengi wa makanisa, Kadinali John Njue akiwa mbele kwa Wakatoliki na Baraza la Makanisa likiwa mbele kwa Waprotestanti. Mkoa wa Kati, ambao Thika na Ruiru zilikuwa ndani yake, ulikubali kwa wingi mkubwa ijapokuwa mimbari zake nyingi zilikataza. Katika nchi nzima waliokubali walipita milioni 6, na waliokataa walikaribia milioni 2.8. Tarehe 27 Agosti 2010 Katiba ikatangazwa, na mwaka huo huo Ruiru ikatoa mbuni mwingine uliozalishwa kituoni, Batian.

Ukizipima hoja za miezi hiyo utaona kwamba karibu nguvu yote ilimalizwa na utoaji wa mimba na mahakama za Kadhi, na kiinitete kilicho nje ya tumbo hakikupata wakili wala mshitaki. Kifungu cha 26 kimesema uhai unaanza lini, lakini hakikusema kama mwanzo huo ni saa yai linaporutubishwa au ni siku, yapata juma moja baadaye, kiinitete kinapojishikiza katika mji wa mimba. Tofauti hiyo si ya mabishano ya darasani. Huko Costa Rica mahakama iliamua mwaka wa 2000 kwamba uhai unalindwa tangu yai kurutubishwa, na uzazi wa chupa ukapigwa marufuku nchini humo, mpaka Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika ilipotengua jambo hilo mwaka wa 2012 kwa kuhesabu mwanzo wa mimba tangu kujishikiza. Kenya, yenye maneno yaliyo karibu na hayo katika Katiba, haikuzifunga kliniki, wala haikuzipa sheria. Na Katiba hiyo hiyo, katika Kifungu cha 33, inaulinda uhuru wa utafiti wa sayansi, na katika Kifungu cha 43 inampa kila mtu haki ya afya, pamoja na afya ya uzazi. Vifungu vitatu vya kitabu kimoja vikakaa kama majirani wasioamkiana.

Dini zilikuwa na mengi ya kusema kuliko yale yaliyosikika katika mikutano ya kura. Kanisa Katoliki, katika waraka wake wa mwaka wa 1987 juu ya heshima ya uhai wa mwanadamu katika chanzo chake, lilifundisha kwamba kiinitete kistahiwe kama mtu tangu dakika ya kwanza, na kwa hiyo likakataa si kuvunjwa kwake tu, bali hata kutungwa kwake ndani ya kioo. Na mtu akipenda asipende, hiyo ni hoja iliyonyoka, haijipindi ili kuwaridhisha wenye fedha. Kwa Waislamu, wawe wa Mombasa au wa Majengo ya Thika, fikra inaanzia penginepo: Kurani inazitaja daraja za nutfa, alaka na mudgha, yaani tone, pande la damu na pande la nyama, na wanazuoni wengi, kwa kuitegemea Hadithi mashuhuri, wanasema roho hupulizwa baada ya siku 120, ilhali wengine husema 40. Kwa msingi huo Baraza la Fikihi la Makka liliamua mwezi wa Desemba 2003 kwamba inajuzu kutumia seli shina za viinitete vilivyobaki katika matibabu ya utasa, ikiwa wenyewe wametoa kwa ridhaa, na ni haramu kuzipata kwa mimba iliyoharibiwa kwa makusudi. Lakini hata kabla ya roho, kiinitete kwao kina hurma, yaani heshima isiyovunjwa. Mimi nasimama karibu na shauri hili la pili, pamoja na mpaka wa siku 14 na marufuku kamili ya kuuza. Na namheshimu anayesimama penginepo kwa dhamiri safi. Nisiloweza kuliheshimu ni kuachwa jambo zito kama hili mikononi mwa mwenye jokofu.

Yuko asemaye kwamba mambo haya ni ya nchi zilizoshiba, na kwamba mtu wa kawaida wa Makongeni au Githurai hana nafasi ya kuyapima. Historia ya Thika yenyewe inamkanusha. Kuanzia mwaka wa 2008 mji huo ulikuwa mmoja wa vituo tisa vya Kenya na Uganda vilivyofanya utafiti wa Partners PrEP, ambamo mume na mke, mmoja akiwa na virusi vya UKIMWI na mwenzake hana, walikubali kwamba yule asiye navyo ameze kila siku kidonge ambacho hajui kama ni dawa au si dawa. Ndoa 4,747 ziliingia katika hesabu. Kabla ya kuingia, mtu alisomewa maelezo katika lugha aifahamuyo, akaambiwa hatari na manufaa, akaambiwa kwamba aweza kujitoa siku yoyote bila kunyimwa matibabu, akaulizwa alichofahamu, ndipo akatia sahihi. Na asiyejua kusoma alitia kidole gumba mbele ya shahidi aliyeyasikia maelezo yote. Mwezi wa Julai 2011 wasimamizi wa nje walipoona manufaa yamedhihiri, walishauri vidonge visivyo dawa visimamishwe, kwa kuwa dawa ya aina moja ilikuwa imepunguza maambukizi kwa asilimia 67 na ya pili kwa asilimia 75. Miaka michache baadaye, chini ya watafiti kama Profesa Nelly Mugo, wasichana na wanawake 2,275 wa Thika, Nairobi na Kisumu, wenye umri wa miaka 15 hadi 20, walishiriki katika utafiti ulioonyesha mwaka wa 2022 kwamba dozi moja tu ya chanjo ya HPV yatosha kuwakinga kwa kiasi cha asilimia 97.5 na aina mbili za virusi zinazosababisha sehemu kubwa ya saratani ya mlango wa kizazi. Dunia imejifunza kwa miili ya watu wa Thika, na watu hao waliyapima mambo ya damu, ya ndoa na ya uzazi kwa utulivu ambao mikutano ya siasa haikuufikia.

Mwaka wa 2021 suala lenyewe liliwafikia mikononi. Tarehe 3 Machi ndege ilileta Nairobi zaidi ya dozi milioni moja za chanjo ya AstraZeneca, ambayo virusi vyake vilikuzwa katika seli ziitwazo HEK 293, kizazi cha seli za figo la kijusi zilizotengenezwa Leiden, Uholanzi, mwaka wa 1973. Chama cha Madaktari Wakatoliki wa Kenya kiliwahimiza watu wasichanjwe. Maaskofu wao wakajitenga na shauri hilo, wakasema chanjo ni halali kwa maadili, kama Vatikani ilivyokwisha kueleza tarehe 21 Desemba 2020 kuhusu chanjo zinazotegemea seli za namna hiyo. Muumini aliyesimama katika foleni ya hospitali mwezi huo alikuwa akiamua, ajue asijue, jambo lililo karibu na lile ambalo kamati ya Warnock iliketi miaka miwili kuliamua.

Jitihada za kutunga sheria hazikukosekana, na mwenye haki apewe haki yake: Mbunge Millie Odhiambo alileta mwaka wa 2014 muswada juu ya urutubishaji wa nje ya mwili, ukarudi kwa jina la uzazi wa kusaidiwa mwaka wa 2016, kisha 2019, kisha 2022, ukitaka kuwe na chombo cha kusimamia kliniki na masharti ya kuhifadhi mbegu za uzazi na viinitete. Mara kwa mara muda wa Bunge uliisha kabla ya kazi. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka wa 2013 iliipa tume ya NACOSTI uwezo wa kutoa leseni za utafiti, na vyuo vya Juja na Thika vina kamati za maadili. Lakini kamati ya chuo haiwezi kuijazia nchi pengo la Katiba, wala si haki kuitwika mzigo huo.

Kifungu cha 118 cha Katiba kinalilazimisha Bunge kuwashirikisha wananchi katika kazi ya kutunga sheria, na kanuni zitakazofuata sheria yoyote ya uzazi wa kusaidiwa nazo zitahitaji kusikilizwa. Nawasihi watu wa Thika na Ruiru, wakulima wa Ruiru 11, wazazi wa watoto wa chupa na wale wanaowatamani bado, mapadri, wachungaji na maimamu, wasizione hati hizo kuwa za madaktari peke yao. Mkiitwa, nendeni. Waulizeni wabunge kiinitete kilichobaki ni cha nani wazazi wakiachana au wakifa, kihifadhiwe kwa miaka mingapi, mtafiti akikiomba amwombe nani na kwa maandishi gani, na atakayekiuza atafungwa miaka mingapi. Wala msikubali kuondoka mpaka majibu hayo yameandikwa.